Chokea kwenye kope: dalili, vyanzo vyake na hatua za kuchukua

Nimefanya kazi ya kutoa dawa katika duka la dawa huku Mbagala kwa miaka mingi, na malalamiko ya kope hunifikia karibu kila wiki kwa maneno yale yale: "Dada, nimeota chokea, nipe dawa ya matone." Anayesema hivyo mara nyingi ameshajaribu mambo matatu au manne kabla ya kufika kaunta, na baadhi ya mambo hayo ndiyo yaliyomzidishia uvimbe. Nimeyapanga maelezo haya kwa kufuata dalili ambazo watu huzitaja wenyewe. Katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachoonekana mara nyingi, nikamalizia na kile kinachotokea kwa nadra, kwa sababu hatua ya kuchukua inategemea chanzo.

Chokea ni jipu dogo. Huota pale bakteria, kwa kawaida wale waitwao stafilokoka ambao huishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi bila kuwadhuru, wanapoingia kwenye shina la unywele wa kope au kwenye moja ya tezi za mafuta zilizo ndani ya kope. Kila kope ina zaidi ya tezi ishirini za aina hiyo, zimepangwa wima kama meno ya kitana, na midomo yake hufunguka ukingoni mwa kope, nyuma kidogo ya nywele. Kazi yake ni kutoa mafuta yanayoyakinga machozi yasikauke upesi. Mafuta hayo yakiganda, mlango wa tezi huziba, na sehemu kubwa ya matatizo nitakayoyaeleza huanzia kwenye mlango huo ulioziba.

Hapa pwani wengi wetu tulikuzwa tukiambiwa kwamba chokea humpata aliyemchungulia mtu mzima akioga. Nalitaja hilo kwa uzito, kwa sababu nimeona watoto, na hata vijana wa sekondari, wakificha jicho kwa siku kadhaa wakiogopa kuchekwa au kuchapwa, hadi kope yote inavimba. Mtoto mwenye chokea hana kosa lolote, na anapaswa kuwa huru kulisema mapema.

Kabla ya kujitibu nyumbani: dalili zinazohitaji hospitali leo

Jitazame kwenye kioo penye mwanga wa kutosha, kisha ziba jicho moja kwa kiganja na usome maandishi yoyote yaliyo mbali kidogo, halafu ubadilishe jicho. Usianze tiba ya nyumbani, na usinunue dawa yoyote dukani, ukiona mojawapo ya mambo haya: uwezo wa kuona umepungua au unaona vitu viwili viwili, jicho linauma unapoligeuza huku na huku, jicho linaonekana kusukumwa nje kuliko lenzake, kope imevimba kiasi cha kutofunguka na una homa, uwekundu na joto vimeshuka shavuni au vimepanda kwenye paji la uso, mwanga unakuumiza sana, au mgonjwa ni mtoto mchanga. Dalili hizo huonyesha kwamba maambukizi yameenea kwenye ngozi ya kope au yameingia nyuma ya jicho, na yakifika huko yanaweza kuua jicho na kuenea hadi kwenye ubongo. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa na kupewa dawa kwa njia ya mshipa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Amana na Mwananyamala, pamoja na CCBRT ya Msasani na Hospitali ya Taifa Muhimbili, ni mahali pa kukimbilia. Hata kama ni usiku, usingoje kupambazuke.

Dalili ya kwanza: kijipu chenye maumivu kwenye ukingo wa kope

Mgonjwa huanza kuhisi kitu kama mchanga jichoni, kisha kope inakuwa nyeti kuguswa, na siku ya pili au ya tatu hujitokeza kijipu chekundu ambacho baadaye hufanya ncha ya njano penye shina la unywele. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane sana, hivyo joto, kung'aa kwa ngozi na maumivu yaliyo mahali pamoja ndivyo vielelezo vya kutegemea zaidi.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kugusa macho kwa mikono michafu. Abiria wa daladala aliyeshika bomba lililoshikwa na mamia ya watu tangu alfajiri, kisha akafuta jasho machoni kwa vidole vilevile, amejipandikizia bakteria bila kujua. Chanzo kinachofuata ni vipodozi: wanja na maskara za kuazimana, maskara iliyofunguliwa zaidi ya miezi mitatu iliyopita, na kulala bila kunawa uso. Tatu ni kope za kubandika, ambazo gundi yake hukaa juu ya milango ya tezi na kumtia mtu woga wa kusafisha ukingo wa kope akihofia zitabanduka. Chanzo kinachotokea mara chache zaidi ni ugonjwa wa kudumu wa ukingo wa kope, ambao nitaueleza mbele.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Nawa mikono kwa sabuni, kisha vuta kope ya chini au inua ya juu taratibu. Ncha ikiwa nje, kwenye mstari wa nywele, hiyo ni chokea ya nje, ambayo hupona upesi. Ikiwa maumivu yapo katikati ya kope na ncha ya njano inaonekana upande wa ndani unaogusa jicho, hiyo ni chokea ya ndani. Inauma zaidi na huchukua muda mrefu, lakini tiba ya mwanzo ni ileile.

Tiba hiyo ni kukanda. Joto hulainisha mafuta yaliyoganda, huongeza damu mahali pale na kuiwezesha chokea ipasuke yenyewe na kutoa usaha. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaosema wamekanda, ukiwauliza vizuri, walipitisha kitambaa cha moto machoni kwa nusu dakika walipokuwa wakioga asubuhi. Kwa hiyo naeleza kwa kirefu namna ninavyowaelekeza wateja wangu.

Chukua kipande cha khanga kuukuu, au kitambaa chochote laini cha pamba, ukikate vipande vinne vyenye ukubwa wa kiganja. Vifue kwa sabuni, vianike juani na uvipige pasi ya moto. Chemsha maji asubuhi uyaweke kwenye chupa ya chai, ili usilazimike kuwasha jiko kila mara. Sababu kubwa inayowafanya watu waache kukanda ni kero ya kuchemsha maji mara nne kwa siku. Unapotaka kukanda, mimina maji ya moto kwenye bakuli safi, ongeza ya baridi yaliyochemshwa kidogo kidogo, na jipime kwa kuweka kitambaa kilichokamuliwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Ukiweza kukiacha pale bila kukiondoa kwa uchungu, joto linafaa. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya mwili, na nimeshawahi kumpokea mama aliyejiunguza kope kwa yai la kuchemsha alilolifunga kwenye leso na kuligandamiza jichoni mara tu lilipotoka sufuriani.

Fumba jicho, weka kitambaa juu yake bila kukandamiza, na uhesabu. Kitambaa hupoteza joto baada ya dakika mbili hivi, kwa hiyo kingine kiwe tayari ndani ya bakuli, uvibadilishe kwa zamu mpaka zitimie dakika kumi. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku. Kitambaa kilichogusa jicho bovu kisiguse jicho zima, na kisitumiwe na mtu mwingine nyumbani kabla ya kufuliwa. Ukimaliza, kausha na unawe mikono.

Maumivu yakikusumbua, parasetamoli inatosha: mtu mzima anaweza kumeza vidonge 1 hadi 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, bila kuzidisha vidonge 8 kwa saa 24. Kwa kawaida chokea huiva na kupasuka ndani ya wiki moja, au siku kumi. Ikipasuka, futa usaha kwa pamba safi iliyolowa maji yaliyochemshwa, kisha endelea kukanda siku moja au mbili zaidi ili mlango usizibe tena.

Usiitumbue, wala usiing'oe unywele. Nayasisitiza haya kwa sababu ndiyo makosa yanayoniumiza zaidi kuyaona. Kijana mmoja, kondakta, alifika kaunta jioni akiwa ametumbua chokea yake asubuhi kwa sindano aliyoichoma kwa kiberiti. Kope yake ilikuwa imevimba hadi jicho halionekani, na shavu lilikuwa la moto. Nilikataa kumuuzia dawa ya matone aliyoiomba, nikafunga duka na kumpandisha bajaji hadi hospitali, ambako alilazwa. Ukiminya chokea, usaha haupasuki kwenda nje tu. Sehemu yake husukumwa kwenye nyama za kope, na mishipa ya damu ya eneo hilo inawasiliana na ile ya ndani ya fuvu. Ni kweli kwamba daktari anaweza kung'oa unywele ulio katikati ya chokea iliyoiva ili usaha utoke, lakini yeye anajua ni upi wa kung'oa, anatumia kifaa safi na anaweza kutibu kitakachofuata.

Dalili ya pili: "Nimekanda na haiponi"

Hili ndilo lalamiko la pili kwa wingi. Chanzo cha kwanza ni ukandaji usiokamilika, kama nilivyoeleza: joto dogo, muda mfupi, au mara moja tu kwa siku. Rudia kwa utaratibu ule kwa siku mbili au tatu kamili kabla ya kuhukumu kwamba umeshindikana.

Chanzo cha pili ni kuendelea kuichokoza chokea. Mtu anakanda asubuhi, anapaka wanja mchana, anaishika kila anapopita mbele ya kioo na usiku anailalia kwenye foronya ambayo haijafuliwa mwezi mzima. Acha vipodozi vyote vya macho hadi upone, tupa maskara na wanja uliotumia siku chokea ilipoanza, na kama unavaa lenzi ndani ya macho, rudi kwenye miwani kwa muda huo. Anayeendesha bodaboda avae kofia yenye kioo au miwani ya kukinga vumbi, kwa kuwa vumbi humfanya afikiche macho siku nzima.

Chanzo cha tatu ni vitu vilivyotiwa jichoni. Nimesikia mate ya asubuhi, maziwa ya mama, mkojo, maji ya chumvi yasiyopimwa na utomvu wa majani. Naelewa kwamba anayeshauri hayo huwa na nia njema, mara nyingi ni bibi au shangazi aliyeona chokea ikipona baada ya kuvitumia, lakini chokea nyingi zingepona kwa muda uleule bila chochote. Vitu hivyo vina vijidudu, na baadhi vina sumu inayounguza kioo cha jicho, yaani ule utando angavu wa mbele. Madaktari wa macho nchini wamewaona kwa miaka mingi wagonjwa waliopata vidonda na makovu kwenye kioo cha jicho baada ya kutumia dawa za namna hiyo. Ukishatia kitu cha aina hiyo na jicho likaanza kuuma au kutoa machozi mengi, lisafishe kwa maji safi tele na uende hospitali, na umweleze daktari bila kuficha ni kitu gani ulichotia.

Chanzo cha nne, kisicho cha kawaida, ni kwamba maambukizi yanahitaji dawa ya kumeza. Ukikanda sawasawa kwa saa 48 na maumivu yakazidi badala ya kupungua, acha kujitibu na umwone mganga katika kituo cha afya.

Dalili ya tatu: maumivu yamekwisha, lakini kivimbe kimebaki

Hapa mgonjwa hana maumivu wala joto. Kuna kigololi kigumu ndani ya kope, kinachoteleza ukikigusa, na kinaweza kukaa wiki kadhaa. Mara nyingi si chokea tena. Ni mafuta ya tezi yaliyoziba na kuvuja ndani ya kope, mwili ukayazungushia ukuta. Hakuna bakteria wa kuuliwa mle ndani, na ndiyo maana vidonge vya antibaiotiki havikipunguzi kivimbe hicho hata ukimeza dozi mbili.

Endelea kukanda mara tatu kwa siku, na baada ya kila mkando sugua kope taratibu kwa ncha ya kidole kilichonawishwa, kutoka juu kwenda kwenye nywele kwa kope ya juu, na kutoka chini kupanda kwenye nywele kwa kope ya chini. Usuguaji huu unafaa kwa kivimbe kisichouma tu; chokea yenye maumivu na usaha isisuguliwe. Vivimbe vingi hunywea ndani ya mwezi mmoja, vingine huchukua miezi.

Mwezi ukipita bila mabadiliko, au kivimbe kikiwa kikubwa kiasi cha kukandamiza jicho na kufanya uone ukungu, mwone daktari wa macho. Atatia ganzi kwenye kope, ataigeuza, atakata upande wa ndani ili kovu lisionekane, na kukwangua mafuta yaliyoganda. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa amefungwa bandeji. Njia nyingine ni kudunga sindano ya dawa ya jamii ya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, ndani ya kivimbe; hata hivyo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kumuuliza daktari kwanza, kwa sababu sindano hiyo inaweza kuacha doa jeupe kwenye kope.

Kwa mtoto mdogo usisubiri sana. Kivimbe kikubwa kinachofunika mboni au kukandamiza jicho huweza kulizuia lisijifunze kuona vizuri, na hasara hiyo haionekani mpaka siku mtoto anaposhindwa kusoma ubao.

Kuna onyo moja ambalo nisingependa msomaji wa umri mkubwa alipite haraka. Kivimbe kinachorudi mahali palepale baada ya kukatwa, kinachong'oa nywele za kope zilizo juu yake, kinachotoa damu au chenye kidonda kisichofunga, kinaweza kuwa saratani ya tezi za kope. Ni ugonjwa wa nadra, lakini hujifanya kivimbe cha kawaida kwa muda mrefu. Mwombe daktari akate kipande kipelekwe maabara.

Dalili ya nne: kope yote imevimba

Mara nyingi sababu ni chokea yenyewe. Ngozi ya kope ni legelege, maji hujaa humo kwa urahisi hasa mtu anapolala, na kijipu kidogo kinaweza kuivimbisha kope yote asubuhi kisha ikapungua mchana. Bonyeza taratibu kwa kijiti cha pamba kuzunguka uvimbe: maumivu yakiwa sehemu moja tu, na hakuna homa, endelea kukanda.

Sababu inayofuata ni mzio au mdudu. Uvimbe wa mzio huwasha kuliko kuuma, na mara nyingi hushika macho yote mawili. Ukianza saa chache au siku moja baada ya kubandika kope au kubadilisha kipodozi, chanzo ni gundi au kipodozi hicho. Usizibandue kope hizo kwa kuzivuta, rudi kwa aliyezibandika azitoe kwa dawa yake, na kama jicho linauma nenda hospitali. Msimu wa mvua kuna pia kile kidudu chembamba chenye rangi nyeusi na nyekundu kinachovutwa na taa usiku, ambacho mtu akikisaga usingizini majimaji yake huunguza ngozi na kuacha malengelenge. Hapo kinachotakiwa ni kuosha kwa maji na sabuni mara moja, ukiwa umefumba jicho, na kukanda kwa maji ya baridi. Joto huzidisha uvimbe wa mzio, na hii ndiyo sababu ya kubaini chanzo kwanza.

Sababu ya tatu, iliyo hatari, ni maambukizi yaliyoenea. Uvimbe huu hauna kijipu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, ni wa moto, unaongezeka saa hadi saa na mara nyingi huja na homa. Rudi kwenye orodha ya dalili za hatari niliyoanza nayo. Hapa kukanda hakutoshi, na dawa ya kupaka haitafika yalipo maambukizi.

Dalili ya tano: uvimbe uko mahali pasipo pa chokea

Uvimbe wenye maumivu kwenye pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, chini ya pale kope mbili zinapokutana, huwa ni mfuko wa machozi ulioambukizwa. Mgonjwa hueleza kwamba jicho hilo limekuwa likitiririka machozi kwa miezi. Unahitaji dawa ya kumeza na uchunguzi wa mfereji wa machozi, kwa hiyo mwone daktari.

Malengelenge mengi upande mmoja wa paji la uso na kope, yanayotanguliwa na maumivu ya kuunguza, ni mkanda wa jeshi. Malengelenge yakifika kwenye ncha ya pua, uwezekano wa jicho kuathirika ni mkubwa. Dawa ya virusi, kwa mfano asaikolovia, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, basi usizimalize saa hizo ukikanda. Daktari atakushauri kupima VVU, na ni vyema ukubali, kwa sababu ugonjwa huu hujitokeza zaidi kinga ya mwili inaposhuka.

Jicho lenyewe likiwa jekundu, lenye tongotongo nyingi na kope kugandana asubuhi, bila kijipu, hayo ni macho mekundu, kama yale yaliyolipuka hapa jijini mwanzoni mwa 2024. Yanaambukiza kuliko chokea, na usafi wa mikono na taulo la peke yako ni sehemu kubwa ya tiba yake.

Dalili ya sita: chokea zinarudi kila baada ya muda

Anayeota chokea tatu au nne kwa mwaka aangalie kwanza ukingo wa kope zake. Ukiona magamba madogo kama mba kwenye mashina ya nywele, na kope zinawasha asubuhi, una uvimbe sugu wa ukingo wa kope. Huu hautibiwi ukaisha. Hudhibitiwa kwa usafi wa kila siku. Kanda kwa dakika tano hadi kumi, kisha changanya tone moja au mawili ya shampuu ya watoto na maji ya uvuguvugu kwenye kikombe kidogo, chovya pamba, na sugua mashina ya nywele kwa upole ukiwa umefumba macho, halafu suuza. Wateja wangu walioshikilia utaratibu huu kila jioni wameacha kuja kaunta kwa ajili ya chokea, na sijawahi kuona dawa ya dukani iliyowapa matokeo hayo.

Kope zikiwa safi na chokea zinaendelea kurudi, pima sukari. Kisukari kisichodhibitiwa hulisha maambukizi ya ngozi, na majipu yanayojirudia, ya kope au ya makwapa, huenda yakawa ishara ya kwanza mtu anayoipata. Kipimo cha tone la damu kidoleni kinapatikana hata katika zahanati nyingi.

Kuhusu dawa ya dukani

Dawa ya kupaka ya tetrasaiklini ya asilimia 1, au ya kloramfenikoli, inaweza kutumika pale chokea inapotoa usaha au ukingo wa kope unapokuwa na maambukizi. Hutiwa kiasi cha punje ya mchele ndani ya kope ya chini, bila ncha ya tyubu kugusa jicho, na uonaji huwa na ukungu kwa dakika kadhaa, hivyo usiendeshe chombo mara baada ya kuipaka. Mwambie mtoa dawa kama una mimba au umewahi kudhurika na dawa yoyote. Andika tarehe kwenye tyubu siku unapoifungua, uitupe baada ya wiki nne, wala usimwachie jirani iliyobaki.

Kinachonitia hofu ni matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, ambayo watu huyaomba kwa sababu "yanang'arisha jicho upesi." Hupunguza wekundu kwa siku mbili tatu, lakini huzima kinga ya jicho wakati maambukizi yakiendelea chini kwa chini, na yakitumiwa kwa muda hupandisha presha ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho. Soma kifungashio kabla ya kulipa. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na hakuna daktari aliyekupima jicho na kukuandikia, irudishe kaunta hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba ndiyo dawa inayonunuliwa sana.

Unapokwenda hospitali, beba kila dawa uliyotumia pamoja na kifungashio chake, na uwe unakumbuka siku uvimbe ulipoanza, kama uliwahi kutokea mahali hapo, na kama una kisukari. Nawa uso bila kupaka wanja wala poda asubuhi hiyo, kwa sababu daktari ataigeuza kope na kuikagua kwa mwanga, na anahitaji kuuona ukingo wake wote.